Siwangu

Walipouliza, "Mbwa wa nani huyu?"
nilijibu, "Si wangu."
Alikuwa amelala kando ya reli, Isevya,
mguu wa nyuma umepondeka kama muwa uliotafunwa,
na mimi nina ndoo ya asali kichwani,
mteja wa stesheni ananingoja.
Nikapita.
Nikarudi.
Nikamfunga kwa kipande cha kanga ya msiba wa mama,
nikampaka asali, kama tulivyopakwa sisi utotoni kule Sikonge,
naye akailamba dawa yote
akabaki na kidonda kitamu.

"Kumbe ni wako!"
"Si wangu, nimesema."
Jina likamganda.
Hata bwana mifugo, siku ya chanjo, aliliandika hivyo hivyo:
*Mwenye mbwa: Kalunde. Mbwa: Siwangu.*
Kalamu ikamcheka mkononi.

Masikio yangu yalifunga duka mwaka ule wa homa.
Niliamka, jogoo akafungua mdomo
asitoe kitu.
Tangu hapo adhana naiona kwa viatu vinavyovuliwa,
mvua naisikia kwa ngozi,
na treni huniingilia nyayoni, imeshachelewa kunionya.

Siwangu hakuambiwa.
Aliona naitwa mara tatu sigeuki,
akaacha kuniita kwa mdomo.
Bodaboda ikija kwa nyuma, ananiegemea goti la kushoto.
Mgeni akibisha, ananivuta upindo wa kitenge.
Na alfajiri, tukivuka reli,
yeye hutangulia kwa miguu yake mitatu,
husimama kati yangu na chuma,
manyoya ya shingo wima kama fagio jipya,
akaitolea macho treni ya Kigoma.

Treni husimama.
Stesheni ipo pale pale, dereva kashika breki kitambo,
lakini nani atamweleza Siwangu?
Yeye anaona lidude linakuja, linatetemeka, linakoma.
Hunigeukia, ulimi nje:
*umeona? nimelikataza.*

Ile ya mizigo haisimami.
Hiyo huibwekea hadi behewa la mwisho,
kisha hurudi anatweta, mkia juu,
kaifukuza mpaka Mpanda.

Bi Mwanaidi wa nyumba ya tatu,
anayekunja baibui asiguswe na pua yenye maji,
alinijia na daftari la mwanawe, herufi kubwa kama mabango:
MBWA WAKO ANABWEKA USIKU KUCHA. HATULALI.
Nikaandika chini yake: *Mimi nalala.*
Akacheka. Niliyaona meno.
Kisha akaandika tena, polepole, herufi zikipungua:
*Juzi kulikuwa na mtu ukutani kwako.
Baba Hadhara alimwona akiruka.*

Mtaroni nilikuta ndala moja ya bluu,
kisigino kimetobolewa matundu manne.
Na mimi usiku ule
nilikuwa nimelala kama gunia la karanga.

Nilimwita Nyamizi, mjukuu wa jirani,
mtoto asiyechoka kunirudishia maneno.
*Anabwekaje?*
Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.
Akatafuna kidole, akachuchumaa, akaandika vumbini:
*kama mtu anakohoa
alafu anauliza swali*

Swali gani?
Akapandisha mabega, akaenda zake kuruka kamba.

Leo sikumfungia nje.
Nimelala sakafuni, kiganja kwenye mbavu zake,
zile mbili zilizounga vibaya.
Saa nane, au saa tisa, kitu kimepita uani:
paka, upepo, mwenye ndala.
Mbavu zikanigonga kiganja.
Kikohozi. Swali.
Kikohozi. Swali.

Nikajibu, sijui kwa sauti gani,
"Nipo. Hebu lala."

Hakulala.